Kiangazi cha Afrika Kusini kilinitetemesha: nijiandaeje kwa baridi ya baharini?

SWALI: Shikamoo nahodha. Mimi ni kijana wa Tanga, nina miaka 24, nimekulia kwenye ngalawa na mashua. Mwaka jana mwezi wa Novemba nilikuwa baharia kwenye yoti iliyotoka Richards Bay kwenda Durban. Usiku upepo ukageuka, mvua ikaanza, nikatetemeka hadi nikashindwa kufungua fundo nililolifunga mwenyewe. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 16. Nahodha wetu alisema hiyo si baridi, huko ni kiangazi, na kwamba mimi ni mlegevu. Novemba hii nimepata kazi nyingine, yoti ya mita 12 kutoka Tanga mpaka Cape Town. Nina shilingi laki mbili za nguo. Ninunue nini? Na je, ni kweli mwili wa mtu wa pwani hauwezi baridi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la ulegevu, maana naona limekuchoma kuliko baridi yenyewe. Hukuwa mlegevu. Kutetemeka ni kazi inayofanywa na misuli ili itoe joto. Mwili unaotetemeka ni mwili unaojipigania. Na vidole kukataa kufungua fundo si ajabu hata kidogo. Mwili ukihisi joto linapotea, unabana mishipa ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki kifuani, kwenye moyo na mapafu. Vidole vinaachwa vijitegemee. Vinakufa ganzi, vinakosa nguvu, na fundo ulilolifunga mchana kwa nusu dakika linakuwa kazi ya robo saa. Jambo hili linampata Mswidi kama linavyompata Mdigo. Ila Mswidi alipanda chomboni na begi lililojaa sufu, na wewe, nadhani sikosei, ulipanda na fulana, suruali ya jinzi na koti moja jepesi.

Zile nyuzi 16 alizozisoma nahodha wenu ni za hewa tu. Wewe ulikuwa umelowa na umekaa kwenye upepo. Maji yanachukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo shati lililolowa na kushikana na mgongo ni mwizi anayekuibia usiku kucha. Upepo nao una hesabu yake: hewa ya nyuzi 10 ikivuma kilomita 40 kwa saa, ngozi kavu inaihisi kama nyuzi 6, na ngozi iliyolowa inateseka zaidi ya hapo. Kisha kumbuka mlikuwa mnaelekea kusini-magharibi na upepo unatoka huko huko. Mlikuwa mnapiga bisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, na mwendo wa chombo unajumlishwa juu ya mwendo wa upepo unaokupiga usoni.

Ndiyo maana nasema baridi ya baharini inaingia na maji. Kazi yako kubwa kwenye safari hii, kabla hata hujafikiria kutafuta joto, ni kulinda ukavu kama mnavyolinda maji ya kunywa.

Sasa njia yenyewe. Ukitoka Tanga utakuwa kwenye maji ya nyuzi 28 hivi, na kuteremka Mlango wa Msumbiji utalala juu ya sitaha na kikoi kimoja. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kuanzia pwani ya Afrika Kusini unaingia kwenye mkondo wa Agulhas, unaotoka kaskazini na maji ya uvuguvugu na kukusukuma kusini-magharibi kwa kasi. Maji yanabaki na joto la kupendeza, lakini hewa haifuati maji. Kila baada ya siku chache unakuja upepo wa kusini-magharibi uliotoka kwenye bahari za baridi za kusini, na joto linaporomoka ndani ya saa chache. Sisi wa pwani tunaijua baridi ya kusi, alfajiri ya mwezi wa Julai kwenye mkondo wa Pemba. Lakini kusi ikifika saa tatu asubuhi inakupa jua ukakauka. Upepo huu unaweza kukupa siku mbili za mawingu na mvua bila nafasi ya kukausha hata soksi.

Upande wa Cape Town ndiko kunakoshangaza kupita kote. Ukishapita Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, unauacha mkondo wa uvuguvugu nyuma yako na kuelekea kwenye maji ya Benguela, mkondo wa baridi wa pwani ya magharibi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya baridi kutoka chini yanapanda kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo pale Cape Town maji ya bahari huwa baridi zaidi wakati wa kiangazi, jua likiwaka, na nyuzi 10 mpaka 13 si jambo la ajabu. Hewa yenye joto ikipita juu ya maji hayo inageuka ukungu, na ukungu unalowesha kila kitu polepole bila tone moja la mvua. Mtu akikuambia "ni kiangazi", muitikie kwa heshima na uvae.

Jifunze pia kusoma barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Kwenye pwani ile, upepo wa kaskazini-mashariki unapovuma barometa inashuka. Ikifika chini na kusimama, na upepo ukalegea, kusini-magharibi iko njiani. Barometa ikianza kupanda, ujue imeshafika au imekaribia. Manahodha wanaiangalia kwa sababu ya mawimbi, maana upepo ule ukipambana na mkondo unainua bahari kuwa kuta, na kati ya Durban na East London kuna maili 250 hivi za bahari zisizo na bandari ya kukimbilia. Wewe iangalie kwa sababu ya nguo pia. Vaa wakati upepo umelegea, ukiwa mkavu na una joto. Ukingoja hadi utetemeke, utakuwa unavaa nguo kavu juu ya mwili uliolowa, ndani ya chombo kinachorukaruka, kwa vidole visivyoshika zipu.

Nguo. Laki mbili inatosha ukiwa na subira. Usianzie maduka ya vifaa vya boti. Nenda kwenye mitumba, na kama una nafasi, panda mpaka Moshi. Wapagazi na waongoza watalii wa Kilimanjaro wanajua baridi yenye maji kuliko mabaharia wengi wa kwetu, na wapo wanaouza nguo za mlimani zilizotumika: za kubana za ndani, glavu, suruali za mvua. Hata Lushoto utapata masweta mazuri.

Kitu cha kwanza ni kukiacha kitu: pamba. Nguo ya pamba ikilowa inashika maji, inalala juu ya ngozi na kukupoza. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote, nzito na haikauki. Unataka sufu au polista. Sufu hata ikilowa inabaki na joto kiasi. Polista hainywi maji mengi na inakauka upesi. Kama lebo imeng'olewa, chomoa uzi mmoja na uuchome: sufu inanuka kama nywele zilizoungua, polista inayeyuka na kuwa kidonge kigumu, pamba inanuka karatasi. Mwenye kibanda akikushangaa, mweleze. Wengine watakusaidia kutafuta.

Chukua suti mbili za ndani za kubana, za polista au sufu nyembamba. Juu yake sweta la sufu au jaketi la flisi, yale mepesi yenye manyoya manyoya. Na juu ya yote kitu kisichopitisha maji wala upepo. Hiki ndicho kinachogharimu, lakini suti ya mvua ya waendesha bodaboda, koti na suruali ya plastiki nzito, itakufikisha. Tatizo lake ni mikononi na shingoni, maji yanapenya unapoinua mikono kuvuta kamba. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, uvivae juu ya mikono ya koti, vikaze kiasi bila kuzuia damu. Shingoni funga taulo dogo, ulibadilishe kila zamu. Kofia ya sufu, ile ya mzula, nunua mbili, hazina bei na zinafanya kazi kubwa. Soksi za sufu jozi nne. Buti za mpira ziwe kubwa kwa saizi moja, maana buti inayobana inazuia damu, na mguu usio na damu haupati joto hata ukiuvika soksi tatu.

Kisha fanya jambo ambalo nililijifunza kwa shida. Chukua seti moja kamili, nguo za ndani, soksi na kofia, uifunge kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndani ya mwingine. Seti hiyo ni ya kulalia tu. Haipandi sitahani hata siku moja. Zamu ikiisha unavua nguo mbichi mlangoni, unajifuta, unavaa kavu, unalala. Zamu yako ikirudi unavua zile kavu, unazifunga tena, na unavaa tena zile mbichi. Najua hiyo dakika ilivyo chungu. Utajiambia leo tu nibaki na hizi kavu. Usifanye hivyo, kwa sababu ukizilowesha huna tena mahali popote chomboni pa kupatia joto, na safari bado ina siku nane.

Na chumvi. Chukua shati lililolowa maji ya bahari, liache juani kutwa, kisha jioni ushike kola yake. Utakuta limekakamaa kama karatasi, na punje nyeupe kwenye mshono, lakini bado ni bichi kwa kuguswa. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo nguo ya chumvi haikauki mpaka uisuuze. Maji ya kunywa ni ya thamani, lakini kikombe kimoja cha kusuuzia nguo ya ndani, ukaikamua vizuri, ni matumizi halali, mwombe nahodha. Kabla ya kuingia kwenye begi la kulalia, pitisha kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi usoni, shingoni na kwenye vifundo vya mikono na miguu. Begi la kulalia likishaingia chumvi, litakuwa na unyevu mpaka mfike bandarini.

Chakula ni nguo ya ndani zaidi. Kutetemeka kunakula nguvu nyingi, na mtu mwenye kichefuchefu cha bahari asiyekula anapoa upesi kuliko wenzake. Jazeni chupa za chai kabla giza halijaingia, wakati chombo kimetulia na kuna anayeweza kusimama jikoni: chai ya tangawizi yenye sukari, au uji mwepesi. Weka mfukoni tende na kashata za karanga, ule kidogo kidogo usiku. Utagundua pia kwamba baridi inakupeleka haja ndogo mara kwa mara, na watu wengi wanaacha kunywa maji ili wasivue suruali zote zile. Wanakauka ndani, na wanachoka haraka. Kunywa.

Zamu za saa nne kila moja ni za maji ya joto. Upepo wa baridi ukiingia, muombe nahodha zamu ziwe za saa mbili, na kama mko wengi, usukani ubadilishwe kila saa. Anayeshika usukani ndiye anayepoa kuliko wote kwa kuwa hasogei.

Nina sababu ya kusisitiza hili. Safari yangu ya kwanza huko, nilikuwa na nguo nyingi, zote za pamba, na nilishika usukani kwa muda wa saa tatu na nusu kwenye mvua bila kuita mtu kwa sababu sikutaka kuonekana dhaifu. Mwenzangu alipopanda alinikuta nimetulia, sitetemeki tena, najisikia vizuri kabisa. Chombo kilikuwa kimetoka njia kwa zaidi ya nyuzi 30 za dira, na mimi nilikuwa nikimhakikishia kwamba tuko sawa. Yeye ndiye aliyeelewa. Alininyang'anya usukani na kumwamsha nahodha. Mimi nilikasirika. Mpaka leo, nikikumbuka jinsi nilivyokuwa na uhakika, ndipo naogopa.

Basi zijue dalili, ndani yako na kwa mwenzako. Jaribu kugusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Ukishindwa, mikono yako haifai tena kwa kazi ya sitahani, teremka ndani. Mtazame mwenzako: anajikwaa, anaangusha vitu, anamumunya maneno, ananuna bila sababu au ananyamaza. Madaktari wanasema mtu amepoa kwa hatari joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, kutoka 37 za kawaida. Kati ya 35 na 32 anatetemeka sana na akili inaanza kufifia. Chini ya 32 kutetemeka kunaweza kukoma, na hapo ndipo wengi wanakosea: wanasema "afadhali, ametulia". Mtu aliyekuwa anatetemeka kisha akaacha, huku bado hajapashwa joto, yuko kwenye hatari kubwa. Ombeni msaada kwa redio.

Akifikia hali hiyo mtelemsheni ndani, mlazeni chali, mmshike polepole kama mtu aliyevunjika, maana moyo uliopoa unaweza kuvurugika kwa mtikisiko tu. Nguo mbichi zikateni kwa kisu badala ya kumgeuzageuza. Mfuteni kwa kugandamiza taulo, bila kumsugua. Mfunikeni chini na juu, kichwa pia. Jazeni maji ya moto kwenye chupa za plastiki, mzifunge kwenye vitambaa zisimuunguze, mziweke kifuani na makwapani. Msipashe mikono na miguu kwanza. Joto linatakiwa kiwiliwili. Mtu mmoja mkavu anaweza kuingia naye kwenye begi la kulalia. Kama yuko macho, anaongea na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari kidogo kidogo. Asipoamka vizuri, asipewe chochote mdomoni. Na akionekana kama amekufa, msimkatie tamaa, maana mwili uliopoa sana mapigo yake ni madogo mno: tafuteni pumzi na mapigo kwa muda wa dakika nzima, na yasipokuwepo mbonyezeni kifua mpaka mpate msaada.

Konyagi, mwanangu, iacheni bandarini. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia moto usoni wakati joto la ndani linatoka nje.

La jiko ndilo ninalokuomba kwa mikono miwili. Kwetu, kila msimu wa baridi kwenye nyanda za juu tunasikia familia iliyolala na jiko la mkaa ndani na haikuamka. Chumba cha yoti ni kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba, na wakati wa baridi kimefungwa kila tundu. Jiko la gesi linalowaka ovyo, au la mkaa la aina yoyote, linatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, zinafanana na kuchafukwa na bahari, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Pikeni dirisha likiwa wazi kidogo, zimeni, kisha mlale. Mkaa usiingie ndani kabisa.

Miguu iangalie kila siku. Mguu uliokaa kwenye buti mbichi siku tatu nne unaweza kuharibika mishipa ya fahamu hata bila barafu: unakuwa mweupe, unakufa ganzi, kisha unavimba na kuuma ukipata joto. Kila ukimaliza zamu uvue, uufute, uukague katikati ya vidole, ulale na soksi kavu.

Kwa upande wa Cape Town, kuanguka majini ni jambo jingine kabisa na la Tanga. Maji ya nyuzi 11 yakikupiga kifuani, pumzi inakatika na kuja kwa kwikwi bila hiari yako, na mtu anaweza kunywa maji sekunde ya kwanza. Dakika ya kwanza usiogelee. Shikilia jaketi lako okozi mpaka pumzi itulie. Baada ya hapo una kama dakika 10 za mikono inayofanya kazi. Kwa hiyo vaa jaketi na ujifunge kamba ya usalama kila unapotoka nje usiku, hata kama nahodha hajafunga yake. Na mkimtoa mtu majini, mtoeni akiwa amelala badala ya kumning'iniza wima, maana shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla akazimia hapo hapo.

Kabla hujakubali kazi, mpigie nahodha huyo mpya. Muulize zamu ni za saa ngapi upepo wa kusini-magharibi ukiingia, muulize atasubiri hali ya hewa nzuri Richards Bay na Durban au ana tarehe ya kukimbizana nayo, na muulize kama kuna nguo za mvua za akiba chomboni. Nahodha mzuri atafurahi kuulizwa. Akikuambia huko ni kiangazi, boti nyingine zitapita Tanga na Zanzibar.

Ukikubaliwa, anza na buti. Ndizo zinazochukua muda kupatikana kwa saizi yako.